Kwetu Mtu Akienda India

Kabula mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi huku ni mzima wa afya, sijui wewe mwenzangu huko uliko. Nimekaa na kalamu muda mrefu nikiona maneno hayo hayakai vizuri, maana wewe bado hujaenda mbali. Uko Ngulyati kumuaga bibi yako, na kabla jua halijazama utakuwa umerudi na kuku mkononi. Namjua mama mkwe wangu. Hatakuacha uondoke mikono mitupu hata ukimwapia kwamba ndege haipakii kuku. Kwa hiyo naandika kwa haraka kidogo, hapa nje upande wa kivuli, na ng'ombe bado wako malishoni.

Habari za sanduku, chanjo, pasi ya kusafiria na kutompa mtu mzigo wako uwanja wa ndege, shangazi yako amekuambia, tena mara nyingi. Sitazirudia. Mimi nataka kukujibu.

Jana tulipokuwa tunapukuchua mahindi uliniambia, "Baba, ukisema nibaki, nitabaki. Wala sitanuna." Kisha ukaendelea kupukuchua bila kunitazama. Nami nikakuambia mahindi ya mwaka huu yana wadudu. Hilo ndilo jibu nililokupa, mayu, mama yangu, na ukalala nalo. Mtu aliyeuliza neno zito namna ile hastahili kujibiwa habari za wadudu. Lakini kinywa changu unakijua, hakijawahi kuwa hodari. Mama yako alikuwa akisema mimi ni kama redio ya betri zilizochoka, mpaka uigonge. Basi nimejigonga mwenyewe, na hii barua ndiyo sauti iliyotoka.

Nianze na lililonichekesha. Siku niliyomwambia Masanja wa dukani kwamba unakwenda India, aliacha kupima sukari. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Anaumwa nini?" Nikamwambia haumwi. Akasema, "Baba Kabula, usinifiche, sisi ni majirani." Nikamweleza kwamba kwetu mtu akienda India ni mgonjwa, ni kweli, lakini wewe umepata nafasi ya kujifunza kazi kwa watu wanaochunguza chui milia, wale wakubwa wenye mistari, na kuwalinda wasiishe. Masanja akafikiri sana. Kisha akauliza, "Na hawa simba wetu wasio na mistari wana kasoro gani?" Nikachukua sukari yangu nikaondoka.

Jumapili akina mama wa jumuiya wakaja hapa na sabuni na mchele, wakaomba kwa ajili ya figo zako. Nani aliwaambia ni figo, sijui mpaka leo. Nilitaka kueleza katikati ya sala nikashindwa, nikaitikia amina pamoja nao. Sikukuambia wakati ule kwa aibu. Basi ujue unasafiri na figo zilizoombewa vizuri.

Nilicheka peke yangu siku hiyo, lakini neno India halikuwa geni nyumbani mwetu, na wewe unalijua hilo. Wewe ulikuwa chuoni Morogoro. Mimi na mama yako tulitoka hospitali ya Somanda tukapelekwa Mwanza, na huko daktari mmoja, kijana mpole, akatuambia kilichobaki labda ni India. Alilisema kama mtu anayekuonyesha mlima ulio mbali. Hakusema mtafika, wala hakusema hamtafika. Njiani kurudi, tulipovuka daraja, mama yako akanigeukia. "Kwani India kuna ugali?" akaniuliza. "Ningekufa kwa njaa kabla ugonjwa haujapata zamu yake." Abiria wa mbele alicheka, mama yako naye akacheka, na mimi nikatazama dirishani.

Yaliyofuata unayajua. Kwa hiyo India kwangu ilikuwa jina la mahali ambapo mama yako hakufika. Uliponipigia simu kusema umepata nafasi kule, sikusikia habari ya chui wala ya utafiti. Nilisikia jina lile tu. Nilikuambia hongera, nikakata simu, nikaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na haja ya kuangaliwa. Nakueleza haya ili ujue kwamba ule ubaridi ulioona kwangu hizi wiki chache haukuwa juu yako.

Na kulikuwa na jambo jingine, dogo, la kunichekesha mimi mwenyewe. Unakumbuka uliponifundisha kwamba kwa simba, majike hubaki na mama zao na bibi zao, na madume ndiyo hufukuzwa yakishakuwa makubwa? Jana nilikuwa nimejiandaa kukuambia, "Mwanangu, hata simba jike habanduki kwao." Nilikuwa nimeliweka neno hilo tayari kama mtu aliyeficha jiwe mfukoni. Nikashukuru mdomo wangu ulikuwa mzito. Ni vibaya kumpiga mtu kwa elimu yake mwenyewe.

Sasa nataka kukushukuru, na ili nikushukuru sawasawa lazima nirudi nyuma.

Ulikuwa darasa la pili alipofika yule mcheza simba. Siku hizi hawaonekani, na nadhani ni vizuri, lakini wakati ule mtu akiua simba alipita boma kwa boma akicheza na ngozi begani, ngoma nyuma yake, na kila mji ulimpa kitu. Kutompa ilikuwa mkosi. Mimi nilitoa mtamba. Nilitoa mbele ya watu, kwa mbwembwe, na waliokuwepo wakanisifu, nikajiona mwanamume. Jioni tukila, ukauliza, "Baba, yule simba alikula ng'ombe wa nani?" Nikakuambia ule chakula chako. Ukauliza tena. Nikakuambia mtoto haulizi mambo ya wakubwa wakati wa kula. Mama yako akaweka bakuli chini. "Kwani ameuliza vibaya?"

Kila neno lake zito lilianza na "kwani", umesahau? Ukisikia kwani, ujue mvua inakuja.

Lakini hakugombana nami. Kesho yake alikwenda kisimani akauliza wanawake wote waliokuwepo. Akaenda mnadani akauliza huko. Akauliza mpaka kwa katekista. Alirudi akicheka, na vumbi miguuni, akakuambia wewe, si mimi: "Nimeuliza kote. Hakuna anayejua simba yule alikula ng'ombe wa nani. Swali lako ni zuri." Alikushika ncha ya sikio kama alivyozoea, akaenda kupika. Mtamba wangu alikuwa amekwenda, na sifa zangu zilikwisha siku ileile.

Watu wakiniuliza nani amekutia wazimu huu wa simba, hujibu ni walimu wako. Si kweli. Ni mama yako, siku ile, aliyezunguka na swali la mtoto wa darasa la pili kama vile limetoka kwa mkuu wa wilaya. Mimi nilitaka swali lifie sahanini. Nakuomba huko uendako, ukikutana na mtoto anayeuliza, au mzee, au mtu yeyote asiyejua kuuliza kwa maneno ya ofisini, utembee na swali lake hata kama ni mpaka kisimani tu.

Sasa nifike kwenye msiba, kwa sababu ndipo hasa deni langu la shukrani lilipo. Hatujawahi kulizungumza vizuri. Wewe ulirudi chuoni, mimi nikarudi kwenye pamba, na siku zikapita.

Watu walikuja wengi kumzika mama yako. Walitoka Ngulyati, wakatoka Nassa kwa ndugu zangu wa ziwani, wakatoka kote alikowahi kuuza dengu na kucheka na mtu. Nilijua anapendwa, sikujua ni kiasi kile. Mvua ilinyesha mfululizo, kuni zikaloana, na masufuria ya msiba hayasubiri. Mjomba wako akanijia akasema, shemeji, tunachoma nini? Nikatazama huku na huku, nikaona ua wa zizi, ile miiba iliyokauka vizuri, nikamwambia, "Chukueni pale." Wakachukua. Walipomaliza upande mmoja wakaanza mwingine. Nilikuwa nawaona. Nilifikiri, huyu mwanamke alilisha watu maisha yake yote, hawatatoka kwenye msiba wake na njaa. Wala sioni kwamba niliwaza vibaya. Lakini mfugaji aliyezaliwa zizini kuchoma ua wa zizi lake, tena upande unaotazama pori la akiba, hilo nadhani linatokea kwa mtu aliyefiwa tu.

Watu waliondoka. Asubuhi ya pili baada ya matanga tukakuta maksai mwekundu ameuawa na ndama mmoja hayupo. Nyayo zilikuwa kila mahali kwenye tope. Nikapiga mwano, ule ukelele wa hatari, na kwa muda mfupi vijana wakajaa uani na mikuki, kila mmoja akiwa na maneno.

Hapo ndipo yalipoanza. Sijui nani alisema kwanza. Alisema simba wa porini haji mahali penye msiba, kwa hiyo huyu si wa porini, huyu ametumwa. Mwingine akasema mke kwanza, ng'ombe baadaye, ni mkono mmoja. Hawakutaja jina. Hawakuhitaji kulitaja, maana vichwa viligeuka vyenyewe kuelekea nyumba ya Bibi Holo.

Unajua Bibi Holo alikuwa nani kwetu. Mjane asiye na mtoto aliye hai, nyumba yake hatua chache kutoka kwetu, macho mekundu kwa sababu miaka yote amepikia samadi kavu badala ya kuni. Ndiye aliyekaa na mama yako siku za mwisho, akamgeuza kitandani, akamlowesha midomo. Na kwetu huku, mwanangu, bibi mwenye macho mekundu aliyekaa karibu na mgonjwa aliyekufa huitwa mchawi, na unajua anaweza kufikwa na nini. Wako waliofikwa. Vijana walikuwa na mikuki mikononi tayari.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, mwenye mji, mfiwa. Neno langu moja lingetosha. Sikulisema. Wala si kwa woga, afadhali ingekuwa woga. Ni kwamba palepale niliposikia "ametumwa", kuna kitu ndani yangu kilipumua. Kumbe kuna aliyefanya. Kumbe si damu tu, si figo za mama yako tu, si mbali kwa India. Kuna mtu, ana nyumba, na nyumba yenyewe naiona. Huzuni ikishakosa pa kukaa hutafuta kiti kwa jirani. Hilo nilijifunza siku ile na sijalisahau, na ndilo pekee ninaloweza kukupa kama somo, mengine yote wewe unayajua kunizidi.

Ndipo ukatoka ndani. Ulikuwa umevaa kanga ya msiba na ndala za mama yako, kubwa kidogo kwako. Hukumsalimia mtu. Ulipita katikati ya vijana ukaenda mpaka kwenye zizi, ukazunguka polepole, ukachuchumaa, ukasimama, ukachuchumaa tena. Mmoja akasema, "Msomi anapima." Wengine wakacheka. Kisha ukaniita, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia.

"Baba, miiba ya hapa imekwenda wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Nikatazama mahali ulipokuwa umesimama, pengo ambalo gari lingepita. Nikasema, "Tuliipikia ugali wa msiba."

Kisha mjomba wako, yule yule aliyeibeba, akaanza kucheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, kilikuwa kama kikohozi. Akasema, "Na nyama tuliichemshia hiyohiyo." Na hao vijana wote, Kabula, walikuwa wamekula ule ugali. Wote.

Ukawaambia, "Basi simba ameingia mlangoni. Na mlango tumemfungulia sisi."

Ukawaonyesha nyayo. Ukasema ni mmoja, dume, bado kijana, amefukuzwa na wakubwa anatafuta pa kukaa, na mtu mwenye njaa akikuta mlango wazi haulizi msiba ni wa nani. Sikumbuki yote uliyosema. Nakumbuka ulichofanya baada ya hapo, na mpaka leo sijui kama ulikifikiria au kilikuja chenyewe. Ulikwenda kwa Bibi Holo. Alikuwa amejifungia. Ulibisha, ukamsalimia kwa heshima zote za Kisukuma, ukamwambia vijana hawajanywa kitu tangu alfajiri na kwetu hakuna mtu wa kukoroga uji, je, anaweza kutusaidia? Akatoka na chungu. Akakoroga uani kwetu mbele ya watu wote. Ukachota kibuyu cha kwanza ukanywa wewe, mpaka chini. Ukachota cha pili ukanipa mimi.

Nilinywa. Halafu nikampa mjomba wako naye akanywa. Ukasimama pale na kata mkononi mpaka kijana wa mwisho amekunywa, na ukamwambia yule mwenye maneno mengi, "Ongeza, kaka, miiba ya kukata ni mingi." Mtu akishakunywa uji wa mkono wa mtu, hawezi tena kusema kesho kwamba mkono ule ni mchafu. Hilo kila Msukuma analijua, na wewe uliligeuza likawa ua wa Bibi Holo. Mikuki ikaegemezwa ukutani, mapanga yakashikwa, na kutwa nzima tukakata miiba. Wale askari wa wanyamapori uliowapigia simu walipofika walikuta watu wanafanya kazi, wakaenda kumsukuma simba wao kurudi hifadhini. Mmoja wao alipima nyayo, akapiga picha, akaandika, akaondoka. Alikuwa mtu mzuri, lakini hakuniambia pole ya maksai wangu. Nililiona hilo, na nilikuwa nimemzika mke wiki hiyohiyo, kwa hiyo ujue lilikuwa kubwa kiasi gani.

Uliniambia huko India mtafunga kamera kwenye miti, na mtaingia vijijini kwa wafugaji ambao nyati wao wameliwa na chui milia. Utakapoingia kwa mtu kama mimi, atakuwa na hasira, na labda atakuwa amefiwa pia, maana matatizo hayaji peke yake. Anza na pole. Nyayo hazitakimbia. Mnyama wa mtu ana jina, muulize jina. Baada ya hapo pima unachotaka, atakushikia kamba mwenyewe.

Na likitokea wametafuta wa kumlaumu, wewe utajua la kufanya kuliko mimi.

Nimekuambia nilijifunza. Sitaki udhani nilijifunza mara moja. Miezi mingi baadaye bado nilikuwa nikimwona Bibi Holo natazama chini, kwa aibu, mpaka siku moja akaja akasimama mlangoni. "Wewe Baba Kabula," akasema, "kama ulidhani mimi ni mchawi, basi nimekuwa mchawi mvivu sana, miaka yote hii jirani yangu bado ana pamba nzuri." Nikakosa pa kuficha uso. Akaingia, akaonja ugali wangu, akasema ni chakula cha adhabu. Tangu hapo haipiti jioni bila yeye kuja kunigombeza. Juzi alinigombeza kwa sababu ya michembe, viazi vitamu nilivyokuanikia vya safari, eti nimekata vipande vinene kama vya kulisha nguruwe. Alivikata upya vyote. Ukivila huko, ujue unakula kazi ya mikono yake.

Ndugu zangu wa Nassa wanataka nioe. Wananiambia nyumba haikai na mwanamume peke yake, na mtoto mmoja naye anakwenda kwa wazungu au kwa Wahindi, hawana uhakika. Nawajibu sina upweke wanaoufikiria. Ni kweli iko saa ya mchana, kama hii, ambayo nyumba huwa kimya na ninamsikia mama yako akiwaita mbuzi kama watu, kila mmoja na tabia yake. Sitakuficha kwamba saa hiyo ipo. Itakuwepo ukiwa India, na ingekuwepo ukiwa hapa unapukuchua mahindi. Haikai mahali pako. Ni yake mwenyewe, na mimi nimeshaizoea, naipenda hata, maana ndiyo inayoniletea sauti yake. Kwa hiyo usiibebe kwenye sanduku lako ukidhani ni mzigo ulioniachia.

Wabeja, mayu, asante. Wabeja kwa swali la darasa la pili. Wabeja kwa kibuyu ulichokunywa wa kwanza, maana Bibi Holo yuko hai, na mimi naweza kumtazama mtu machoni. Kama ungechelewa ndani kidogo tu siku ile, leo ningekuwa mtu mwingine, na huyo mtu asingekuwa na haki ya kumwandikia mwanawe barua. Nimewahi kuwaza hilo nikiwa shambani.

Nimewahi pia kuwaza kwamba mtu anayeweza kusimama kati ya simba na vijana wenye mikuki na bibi mmoja, na wote watatu wakabaki hai, hakuzaliwa kwa ajili ya kunipukuchulia mimi mahindi. Yako maboma mengine ulimwenguni yenye mapengo. Wako mabibi wengine. Na chui wao, kama unavyosema, wamebaki wachache. Wakikuambia baada ya miezi sita kwamba kazi yako ni nzuri na bakia kidogo, bakia. Usiniulize kwanza. Niambie tu, nijue nikusubiri lini.

Naona ng'ombe wanaanza kurudi, na mbali kule kwenye njia kuna pikipiki yenye mtu aliyeshika kitu kinachopiga mabawa. Ni wewe na kuku wa bibi yako. Kwa hiyo niseme lililobaki.

Uliniambia nikisema ubaki, utabaki. Nasema nenda. Nimelisema kwa sauti kwanza, hapa uani, kabla sijaliandika, ili nisikie kama kinywa changu kinaweza. Kimeweza, ingawa hapakuwa na mtu. Kesho alfajiri tukiwa kituoni kwenye gari la Mwanza, nikikuambia habari za wadudu wa mahindi, usinisikilize. Neno langu ni hili nililoliandika.

Ni mimi baba yako, Baba Kabula. Sitaki jina jingine.